Zulia linanyonyoka manyoya: kabla hujaligawa, angalia kwanza kinachotoka

#1 Mleta uzi

Habari za jioni wakuu.

Nafua mazulia hapa Dar, mwaka wa 11 sasa. Swali ninaloulizwa kuliko yote si la bei wala la madoa, ni hili: "Fundi, zulia langu linanyonyoka, nimepigwa?" Wiki iliyopita peke yake nimeulizwa mara tatu, na mara zote tatu mwenye zulia alikuwa ameshakasirika na mwenye duka.

Mmoja ni mama wa Tabata. Alinifungulia mlango ameshika kindoo cha kuchezea cha mwanawe, kimejaa manyoya ya kijivu aliyoyakusanya siku nne ili nione kwa macho yangu. Mtoto anatambaa, manyoya yanaingia mdomoni. Feni ikiwashwa yanaelea mpaka jikoni. Alikuwa ameshaamua kwamba zulia linaenda kijijini kwa mama yake, na lilikuwa na miezi miwili tu tangu linunuliwe. Nikapiga magoti, nikalikagua kama dakika kumi, nikamwambia asiligawe. Halikuwa na ugonjwa wowote.

Naandika uzi huu kwa sababu wengi wanagawa zulia zima, na wengine wanakaa na zulia bovu huku wakiambiwa "subiri, litaacha". Kuna zulia la kusubiri na kuna zulia la kurudisha, na kuyatofautisha hakuhitaji mashine.

Tuanze na uzi wenyewe. Chukua kamba ya katani na mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki. Pitisha kiganja kwenye kamba ya katani: inachoma, na vinyuzi vinabaki mkononi. Pitisha kwenye mshipi: hakuna kinachotoka. Kamba ni vipande vingi vifupi vilivyoshikana kwa sababu ya msokoto tu. Mshipi ni uzi mmoja usio na mwisho. Nyuzi za zulia nazo ziko hivyo. Kuna zinazosokotwa kutokana na vinyuzi vifupi, vya plastiki vikiwa na urefu wa kama sentimita 15 hadi 20, vya sufu mara nyingi vifupi zaidi. Halafu kuna zinazotolewa kiwandani mfululizo, kilomita kwa kilomita.

Sasa uzi ukishashonwa kwenye zulia na kukatwa ncha, ule wa mfululizo kila kinyuzi chake kinashuka mpaka chini kwenye gundi kisha kinapanda upande wa pili. Kina mguu. Ule wa vinyuzi vifupi, vingi vina mguu lakini vingine vimeangukia katikati, ncha moja juu na nyingine haifiki chini. Hivyo vimeshikwa na wenzao tu. Ukikanyaga, ukifagia, mtoto akitambaa, vinapanda taratibu mpaka vinatoka. Ndiyo manyoya unayoyaona.

Ongezea na hili: zulia likimalizika hunyolewa uso kwa visu ili lilingane, kama kinyozi anavyosawazisha kichwa. Vipande vingi hufyonzwa pale pale kiwandani, lakini vingine hubaki ndani na kusafiri na zulia mpaka sebuleni kwako.

Kwa hiyo zulia la vinyuzi vifupi likinyonyoka likiwa jipya, linatoa ziada yake. La plastiki hupungua kwa wiki kadhaa hadi miezi michache. La sufu linaweza kuchukua hata mwaka, na likikaa chumba kisichokanyagwa huchelewa zaidi kwa sababu hakuna cha kuzitoa. Ukiona kindoo kimejaa usitishike. Manyoya yana hewa nyingi. Yakamue kiganjani yawe donge, utashangaa udogo wake ukilinganisha na zulia zima.

Jinsi ya kukagua. Chagua sehemu ya katikati, isiwe ukingoni. Kunja vidole uisugue kwa nguvu ya kawaida mara kumi upande mmoja. Okota kilichotoka, weka kwenye karatasi yenye rangi tofauti na zulia, sogea dirishani.

Ukiona kama pamba, vinyuzi vimoja vimoja vyembamba visivyo na mpangilio, hiyo ni ile ziada. Subiri.

Ukiona kishungi kizima, yaani uzi umetoka na msokoto wake na mwishoni kuna kitone kigumu cha gundi au alama ya mkunjo, hapo shida iko mgongoni mwa zulia. Gundi haishiki. Jaribu kuvuta kishungi kingine kwa vidole viwili bila kukaza. Kikikubali, na cha jirani kikikubali, hilo zulia halitaacha kunyonyoka hata ungesubiri miaka. Lirudishe mapema ukiwa na risiti, kabla hujalifua.

Na ukiona uzi mrefu umechomoza juu ya wenzake, tafadhali usivute. Kata kwa mkasi usawa wa wenzake, basi. Kwenye mazulia ya vitanzi, yale ambayo uzi haukukatwa ncha, ukivuta, mstari mzima unafumuka kama sweta. Nimeshaona ufa wa mita nzima uliotokana na uzi mmoja, mtoto kauvuta, mama naye akauvuta ili "autoe".

#2 Mdau, Mwanza

Mkuu, umenifungua macho. Mimi langu nimeambiwa dukani ni sufu, bei ilikuwa nzuri mno. Naweza kujuaje kama ni sufu kweli? Na je, sisi tusio na vakyumu tufanyeje?

#3 Mleta uzi

Sufu inajulikana kwa moto. Okota yale manyoya yaliyokwisha kutoka, usikate zulia. Yasokote, yashike kwa koleo juu ya sahani, yawashe. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto unajikongoja na kuzima wenyewe, na majivu ukiyaminya yanavunjika kuwa unga. Plastiki inayeyuka na kuacha kitone kigumu kama shanga.

Ukishajua ni plastiki, jua ni ipi. Chukua glasi ya maji, tia tone la sabuni ya maji, kandamiza manyoya humo mpaka mapovu yote ya hewa yatoke. Yakielea ni polipropilini, kwa sababu ndiyo nyepesi kuliko maji. Poliesta na nailoni zinazama. Mazulia mengi ya mashine yanayouzwa Kariakoo, yale ya Uturuki yenye maua, ukiyapima hivi yanaelea. Si vibaya. Polipropilini hainywi maji na doa halizami ndani ya uzi. Udhaifu wake ni joto, inayeyuka kwenye nyuzi joto kama 165, kwa hiyo usiipige pasi na usiburute sofa juu yake, msuguano tu unaweza kuacha mng'ao usiofutika.

Kama huna vakyumu, vaa glavu za mpira za kuoshea vyombo, lowesha kidogo, futa zulia kwa kuvuta upande mmoja. Manyoya yanajikusanya kwenye mkunjo kama donge. Yale mafagio ya mpira nayo yanafanya kazi hiyo hiyo. Wiki za mwanzo fanya mara mbili au tatu kwa wiki, halafu punguza. Usifanye kila siku. Ukilikuna kila asubuhi utaanza kutoa hata vinyuzi vyenye mguu. Na fagio la chelewa liachie uani, kwenye zulia zile njiti zinachana.

#4 Mdau, Nairobi

Sasa wadau. Mimi nimepanga nyumba ina kapeti ya ukuta kwa ukuta. Ina miaka mingi, si mpya hata kidogo, lakini inatoa nyuzi karibu na mlango na kwenye ngazi pekee. Kwingine iko sawa. Nanyonya vumbi kila Jumamosi na ile mashine yenye brashi ya kuzunguka, na mwenye nyumba anasema mimi ndio naiharibu. Ni kweli?

#5 Mleta uzi

Kaka, mchanga ndio mshukiwa wa kwanza. Ukiona kapeti inaisha mlangoni na ngazini na kwingine ni nzima, ujue ni viatu. Chembe ya mchanga ina kona kali. Inashuka mpaka shina la uzi, kila hatua inasaga pale pale. Uzi unakatika chini, kisha unatoka juu. Na ngazini kuna lile tatizo la pembe: uzi unakunjwa ukingoni na kila mguu unatua palepale.

Hapa Dar nalijua vizuri kwa sababu ya mchanga wa pwani. Kabla sijatia maji zulia lolote nalilaza kifudifudi juu ya sakafu safi, naligonga mgongoni taratibu kwa kiganja au kwa mpini ulioviringishiwa kitambaa. Zulia moja la mita 2 kwa 3 lilinipa mchanga wa kujaa kikombe cha chai, na mwenyewe alikuwa analifagia kila siku. Kwa juu lilionekana safi kabisa.

Kuhusu mashine: brashi ya kuzunguka inafaa kwa kapeti iliyokatwa ncha fupi, nyuzi zake ngumu. Kama yako ina vitanzi, au ni sufu, au manyoya marefu, zima hiyo brashi au inua kichwa cha mashine juu, utumie kunyonya peke yake. Itazame kapeti kwa karibu. Ukiona uzi unapinda na kurudi chini kama herufi U iliyogeuzwa, ni kitanzi. Weka tandiko gumu nje ya mlango na jingine ndani, watu wavue viatu, halafu pale mlangoni nyonya mara kwa mara kuliko vyumbani. Vipara vilivyokwisha kutokea havirudi, lakini vitaacha kupanuka.

Mwenye nyumba mwambie kwa upole kwamba uzi uliosagika kwa miaka haukuanza na wewe.

#6 Mdau, Maskati

Assalaam alaykum wanangu. Mimi ni mama mtu mzima, asili yangu Unguja, nakaa Maskati. Nnalo zulia la Kiajemi, la mkono, la marehemu mume wangu. Halijapata kunyonyoka hata siku moja. Tangu mwezi uliopita, upande ulio chini ya kabati, sufu inatoka mafumba mafumba na chini pamebaki kama matone ya upara. Sijui nimelikosea nini. Roho yaniuma khasa.

#7 Mleta uzi

Waalaykum salaam mama, shikamoo. Pole sana, na hujalikosea kitu.

Zulia la Kiajemi la mkono halina gundi kabisa. Kila uzi umefungwa fundo kwenye nyuzi za msingi, moja baada ya jingine. Lile la Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos hapo hapo kwenu lina mafundo milioni 1,700, lina uzito wa tani 21 na lilichukua miaka 4. Fundo la namna hiyo haliachii kwa mwezi mmoja. Sufu ikitoka kwa mafumba, mahali penye giza pasipokanyagwa, ni nondo. Si yule anayeruka, ni buu wake ndiye anayekula sufu.

Mwombe kijana asogeze kabati, ageuze zulia mgongo juu. Tazama kwa tochi. Utaona vijumba kama utando wa hariri, na chembe kama mchanga zenye rangi ile ile ya zulia. Hicho ni kinyesi chao, rangi imetoka kwenye sufu waliyokula. Nyonya vumbi pande zote mbili, chini ya kabati, na pembezoni mwa ukuta, kisha ule mfuko wa vumbi utoe nje ya nyumba siku hiyo hiyo. Lianikeni juani, mgongo kisha uso, saa chache kila upande, mkilipiga brashi laini, maana buu hapendi mwanga wala kusumbuliwa. Lisiachwe siku nzima, jua la kwenu linapausha rangi. Rudieni baada ya wiki mbili kwa sababu ya mayai. Naftalini msiimwage chini ya zulia kama kuna wajukuu wanaocheza hapo, ni sumu.

Vile vipara, mafundi wa mazulia ya mkono hufunga mafundo mapya kwa sufu ya rangi hiyo. Usimpe fundi wa kawaida, hata mimi usinipe. Kazi ile ina wenyewe.

Na nimefurahi mama umelitaja, maana hata neno letu "zulia" asili yake ni huko, Waarabu wa Ghuba mpaka leo wanasema zuliya.

#8 Mdau, Dar

Fundi, mimi nina mtoto mwenye pumu. Haya manyoya yanamdhuru? Na mimi langu lilikuwa zima mwaka mzima, likaanza kunyonyoka baada ya kufuliwa. Aliyelifua anasema "ndivyo yalivyo".

#9 Mleta uzi

Dada, nianze na mtoto. Yale manyoya unayoyaona kwa macho ni makubwa, mengi yanaishia puani au yanatua chini. Kinachowasumbua wenye pumu zaidi ni vumbi lililokaa ndani ya zulia na wadudu wadogo wa vumbi wasioonekana kwa macho, ambao wanapenda unyevu. Kwa hiyo zulia lililofuliwa likarudishwa halijakauka ni baya kwa mwanao kuliko lile linalonyonyoka. Siku ya kusafisha yeye awe chumba kingine, madirisha wazi, na sakafu ya pembeni ipigwe deki na kitambaa kilicholowa, usifagie kavu. Kama daktari wake amekwambia uondoe mazulia chumbani kwake, fuata la daktari.

Sasa hilo la kufuliwa. Hapa nasema juu ya kazi yangu na wenzangu, na linanikera tangu nianze. Zulia linalonyonyoka baada ya kufuliwa mara nyingi tumeliumiza sisi. Hebu kumbuka lilivyofanywa: lilitandazwa kwenye zege, likamwagiwa sabuni ya unga, likasuguliwa na brashi ngumu mbele na nyuma, pengine na dawa ya klorini ya kutoa madoa kwenye nguo nyeupe, likakunjwa likiwa na maji mengi, likatundikwa ukutani siku tatu kwenye jua kali. Kila hatua hapo ina dhambi yake.

Brashi ngumu inafungua msokoto. Msokoto ukifunguka, vile vinyuzi vilivyokuwa vimeshikwa na wenzao vinaachiliwa. Ncha ya uzi mzima imekaza kama kidole. Iliyofunguka imechanua kama mswaki wa zamani. Angalia zako.

Dawa ya klorini kwenye sufu ndiyo mbaya kuliko zote. Nilichukua uzi wa sufu asubuhi nikautia kwenye glasi ya dawa hiyo bila maji, nikaacha dirishani. Jioni nilikuta maji ya njano tu, uzi haupo, umeyeyuka wote. Tangu siku hiyo dawa hiyo haingii kwenye ndoo yangu.

Kulikunja likiwa limeloa kunapasua gundi ya mgongoni, hasa yale mazito yenye kitambaa cha turubai nyuma. Lililojaa maji linabebwa likiwa limeviringishwa, uso nje. Na jua la siku nyingi linachosha plastiki, hasa polipropilini, mpaka uzi unakatika kama nyasi kavu. Kivuli chenye upepo kinatosha, likigeuzwa kila saa chache.

Fanya ule ukaguzi wa vidole mara kumi uniambie umeona nini.

#10 Mdau, Dar

Nimefanya. Manyoya yanatoka kama pamba, hakuna vishungi vizima. Ila nilipolikunja kuangalia chini, sakafuni kuna unga mweupe kama chokaa. Nikipangusa leo, kesho upo tena.

#11 Mleta uzi

Huo unga ndio uliokuwa unakosekana kwenye maelezo, asante kwa kuangalia.

Gundi ya mgongoni ni aina ya mpira, na viwandani huchanganywa na unga wa mawe ya chokaa ili iongezeke na iwe nzito. Ikiwa hai, unga umeshikwa humo. Ikichoka kwa joto, kwa maji au kwa dawa kali, mpira unakauka na kupasuka, unga unaachiliwa. Lako bado halitoi vishungi, maana yake gundi imeanza kuchoka lakini bado inashika. Likunje kidogo karibu na sikio lako. Ukisikia linakatika katika kama biskuti, gundi imekufa sehemu hiyo. Likikunjika kimya kama ngozi, bado lina maisha.

Kama ni kimya, lizungushe kichwa kwa miguu ili wanapopita watu pabadilike, weka chini yake tandiko la sponji jembamba lisilonatana, usilikunje tena, na usilifue kwa maji mengi. Doa likitokea, kandamiza kwa kitambaa safi chenye maji na sabuni kidogo ya maji, usisugue. Lililoshonwa kwa mkono na kugundishwa, lenye turubai nyuma, si la mafundo kama la mama wa Maskati, fundi anaweza kulibandua turubai, akakwangua gundi ya zamani na kupaka mpya. La mashine gharama yake haina maana, nunua jingine.

Ukilinunua hilo jingine, usiangalie rangi kwanza. Pinda kona yake kuelekea nyuma, uso ukiwa nje, upanue manyoya kwa vidole viwili. Kama unaona kitambaa cha mgongo kirahisi katikati ya manyoya, nyuzi ni chache. Tazama ncha kama zimekaza. Vuta kishungi kimoja kwa ustaarabu. Halafu sugua mara kumi mbele ya muuzaji, umwambie unachokitafuta. Muuzaji mzuri atakuonyesha mwenyewe lipi litanyonyoka na kwa muda gani.

Piga picha ya mgongo mchana, karibu na dirisha, uiweke hapa. Na nisikie ulisikia nini ulipolikunja.